Mwongozo Kamili wa Pigo Lenye Uchawi na Ustadi wa Kujikinga Katika Larpu

Wasomaji wanaocheza larpu, yaani michezo ambamo mshiriki huvaa vazi la mhusika wake na kupigana uwanjani kwa silaha za sponji, wamekuwa wakikwama mahali pamoja. Mpinzani anatamka jina la uchawi, upanga wake unagusa bega, na aliyeguswa hajui kama apangue, akwepe, atumie kago lake, yaani kinga ya kichawi aliyojiwekea mwilini mapema, au aanguke. Wengi huchagua jibu linalowapendeza, mabishano yanaanza, na pambano la watu arobaini linasimama kwa ajili ya bega moja.

Kosa halisi ni la mpangilio. Mchezaji akisikia "Usingizi" hukimbilia kuuliza ni kinga gani huzuia usingizi, ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa ni kitu gani kilichouleta usingizi huo. Mwongozo huu unafundisha kuuliza maswali kwa mfuatano mmoja usiobadilika, hata ukiwa umechoka, gizani, na watu wawili wanakujia kwa pamoja.

Kanuni zinazofuatwa hapa ni za familia ya NERO na Alliance, michezo ya Marekani ambamo kila shambulio hutangazwa kwa mwito, uchawi wa kawaida hurushwa kwa kifuko cha mbegu, na kila mhusika ana pointi za uhai zinazohesabiwa. Ukicheza Empire nchini Uingereza, ambako pigo la kawaida halitajwi namba na huondoa pointi moja tu, sehemu ya hesabu iliyomo humu haitakuhusu. Na ukienda kwenye makambi makubwa ya Ujerumani yanayofuata desturi ya kwamba unaweza kile unachoweza kukionyesha, ambako aliyepigwa ndiye anayeamua ameumia kiasi gani, mwongozo huu ubaki mfukoni.

Nimetumia miito ya Kiswahili kwa ajili ya vikundi vinavyocheza kwa Kiswahili. Anayecheza ughaibuni atamke maneno ya kitabu cha huko, kwa mfano Parry badala ya kupangua na Dodge badala ya kukwepa, kwa kuwa mpinzani hana wajibu wa kukisia unachosema.

## Vifaa na watu wanaohitajika

Andaa vitu hivi kabla hujaanza hatua ya kwanza:

- Kitabu cha kanuni cha mchezo wako, toleo linalotumika msimu huu. Matoleo mawili kwenye uwanja mmoja huzaa ugomvi ambao hakuna mwamuzi anayeweza kuumaliza.
- Kadi za karatasi ngumu zinazotosha kiganjani, na kalamu isiyofutika kwa jasho.
- Silaha mbili za sponji zilizokaguliwa. Kiini kiwe cha bomba la plastiki au nyuzi za kioo, sponji iwe nene kiasi cha kutohisi kiini ukiibonyeza, na ncha iwe laini.
- Ngao moja ambayo kingo zake zote zimefunikwa sponji.
- Vifuko vichache vya mbegu za ndege vilivyofungwa katika kitambaa laini. Utavihitaji kwa kulinganisha.
- Watu watatu: mshambuliaji, mlinzi na mwamuzi. Wawili hawatoshi, kwa sababu mazoezi yasiyo na mwamuzi huwafundisha wote wawili kubishana.

## Hatua ya 1: Tenganisha kibebaji na athari

Kila pigo lenye uchawi lina sehemu mbili. Silaha ni mjumbe, na uchawi ni barua aliyoibeba. Mjumbe akizuiwa mlangoni, barua haisomwi. Akipita, barua bado inaweza kuchanwa kabla ya kufunguliwa. Methali husema mjumbe hauawi, lakini katika mchezo huu yeye ndiye wa kuuawa kwanza, kwa sababu kumzuia mara nyingi hakukugharimu kitu, ilhali kuichana barua hula kinga uliyoiandaa asubuhi nzima.

Kuanzia hapa nitaiita silaha kibebaji, na nitauita uchawi wenyewe athari. Chukua kitabu chako, tafuta kila shambulio la aina hii, na uliandikie kadi yenye mistari mitatu: linaletwa na nini, linafanya nini, na athari yake ni ya kundi gani, kama moto, akili, laana au sumu. Mstari wa tatu huonekana mdogo, lakini ndio unaoamua kama kinga fulani inahusika au la.

Upo mtego mmoja ambao huwanasa hata wachezaji wa miaka mingi. Katika familia hii ya kanuni, silaha inaweza kutangaza majeraha yenye sifa, kwa mfano "Tano za uchawi", "Tano za fedha" au "Tano za moto". Hapo neno "uchawi" ni sifa ya majeraha tu. Linaeleza kwamba upanga umetiwa nguvu, na kwamba unaweza kumdhuru kiumbe ambaye chuma cha kawaida hakimgusi. Mwito wa namna hiyo si uchawi uliotupwa. Haubebi usingizi, hofu wala kupooza; unabeba majeraha matano yenye sifa.

Kwa hiyo kago linalozuia uchawi halihusiki na "Tano za uchawi". Mchezaji anayetamka kwamba kago lake limeteketea kwa pigo hilo amejipoteza mara mbili: ametupa kinga isiyopaswa kuguswa, na hakujipunguzia pointi tano alizopaswa kujipunguzia. Pigo lenye uchawi wa kweli hutaja jina la athari: "Uchawi wa Usingizi", "Uchawi wa Hofu". Sikiliza kama kuna namba au kuna jina, na nusu ya mabishano ya uwanjani itakuwa imeisha hapo.

Utajua umefaulu ikiwa unaweza kuichukua kadi yoyote bila kupanga na kusema, kwa sentensi moja, kinachobeba na kinachobebwa.

## Hatua ya 2: Zipange kinga zako kwa kile zinachokizuia

Usizipange kinga kwa nguvu zake wala kwa bei uliyozinunulia. Zipange kwa swali moja tu: hiki kinazuia kibebaji, athari, au vyote viwili?

Kuzuia kwa mkono, yaani kuweka ngao au silaha yako kati ya mwili na upanga unaokuja, kunazuia kibebaji. Huu si ustadi wa kununuliwa, ni mwili wako tu na mazoezi, na hauishi. Cha ajabu ni kwamba wachezaji wengi huusahau pale tu wanaposikia jina la uchawi.

Kupangua ni ustadi wa kununuliwa unaofuta pigo moja la silaha baada ya kukugusa. Nao unazuia kibebaji, tena kibebaji cha aina moja. Kifuko cha mbegu hakipanguliwi.

Kukwepa kunafuta shambulio moja linalokulenga wewe, liwe limeletwa kwa silaha au kwa kifuko. Upana huo ndio unaoufanya ustadi huu uwe ghali, na ndio sababu ya kuuhifadhi kwa ajili ya vifuko wakati kupangua kunatosha.

Kurudishia kunalifuta pigo la silaha na kumgeuzia aliyelipiga. Ustadi huu unaleta maswali yake wenyewe, nami nimeyaweka katika hatua ya 5.

Kago la silaha huzuia pigo la kwanza la silaha linalofika mwilini, na kago la uchawi huzuia uchawi wa kwanza unaofika. Yako pia makago ya kundi maalumu, kama kago la sumu. Tofauti kubwa kati ya kago na ustadi ni kwamba ustadi ni wa hiari na kago si la hiari. Kago lililokwisha kuwekwa hufanya kazi lenyewe kwa shambulio la kwanza linalolihusu, hata kama shambulio lile lilikuwa dogo na ungependa kulihifadhi.

Kuhimili ni kinga dhidi ya athari peke yake. Mhusika ambaye jamii yake haishikwi na usingizi hahitaji kujali kama usingizi umeletwa kwa upanga, kwa kifuko au kwa sauti.

Deraya, yaani vazi gumu la vita, si kinga ya uchawi. Inapunguza namba ya majeraha iliyotajwa kwenye mwito. Uchawi wa Hofu ukigonga deraya ya chuma umekugonga wewe, isipokuwa kitabu chako kimesema vinginevyo kwa maneno bayana.

Andika kinga hizi kwenye upande wa pili wa kadi ya mhusika wako, katika safu mbili: za kibebaji kushoto, za athari kulia. Kukwepa na kurudishia viweke kushoto, kwa sababu vyote viwili hufanya kazi kabla athari haijasomwa.

## Hatua ya 3: Mshambuliaji, lipige pigo linaloweza kuamuliwa

Mabishano mengi yanayomwangukia mlinzi huwa yameanzishwa na mshambuliaji mzembe. Tamka mwito wote kabla silaha haijagusa, au angalau umalize inapogusa. Pigo likitua kimya na jina likafuata baadaye, mlinzi ana haki ya kulihesabu kama pigo la kawaida.

Tamka kwa sauti ya mtu aliye mbali kidogo, hata kama mpinzani yuko karibu, kwa kuwa kofia ya chuma na kelele za pambano humeza silabi. Kisha upige kwa mzunguko kamili wa mkono. Mapigo mafupi ya harakaharaka mahali pamoja yamekatazwa karibu kila mahali, na sababu yake ni mbili: hayaonekani kama mapigano, na mlinzi hana muda wa kujibu hata moja. Kichwa na shingo haviguswi. Usichome kwa ncha kama silaha yako haikutengenezwa kwa kuchomea.

Kabla hujaingia uwanjani, soma kitabu kinasema nini kuhusu pigo lililokosa au lililozuiwa. Uchawi wa kifuko ukirushwa umekwisha, umpate mtu au usimpate. Kwa uchawi wa silaha vitabu vinatofautiana: vingine huuhesabu umetumika mara tu unapoutamka na kupiga, vingine huuacha kwenye silaha mpaka umguse mtu. Usijiamulie jambo hili katikati ya vita. Kitabu kikinyamaza, uhesabu umekwisha. Anayejinyima mwenyewe hasingiziwi.

## Hatua ya 4: Mlinzi, uliza kwanza kama pigo limetua

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naomba msomaji aikalie.

Kifuko cha mbegu kina sheria yake. Kikigusa mwili, vazi, ngao au silaha uliyoishika, kimekupata, na athari yake inaanza kuhesabiwa. Sheria hiyo ipo kwa sababu ngao pana ingefanya uchawi wote wa kurusha uwe bure. Wachezaji huizoea, kisha wanaihamishia kwenye upanga bila kujua. Matokeo yake ni kumwona mtu aliyezuia pigo kwa ngao kwa ustadi mkubwa akianguka chini na kulala, kwa sababu tu alisikia neno "Usingizi".

Pigo la silaha, hata likiwa na uchawi, ni pigo la silaha. Likizuiwa kwa ngao au kwa silaha, halikutua, na kisichotua hakileti athari. Hakuna ustadi uliotumika, hakuna kago lililoteketea, na hakuna haja ya kutamka chochote, ingawa ni uungwana kusema "Limezuiwa" ili mshambuliaji asibaki akingoja uanguke.

Ziko hali tatu za kuangalia.

Ya kwanza ni uchawi unaolenga kifaa chenyewe, kama ule wa kuvunja ngao au kukunyang'anya silaha. Hapo shabaha ni ngao, na upanga ukiigusa umefika ulikotumwa. Kuzuia kwa ngao hakuwezi kuiokoa ngao ile ile. Kitabu chako kitasema kama mshambuliaji analazimika kukitaja kifaa anachokilenga.

Ya pili ni vazi. Upanga ukigusa joho linalopepea mbali na mwili, jiulize kama ungekupata usingekuwa umelivaa. Kama ndiyo, umekupata. Joho halitumiki kama ngao, na anayelikunja mkononi ili kudaka mapigo anastahili kuonywa na mwamuzi.

Ya tatu ni pigo lililogonga ngao likateleza na kugusa bega kwa nguvu hafifu. Hapo mwamuzi hasaidii sana, kwa kuwa ni wewe unayejua kama lilikuwa pigo au mparuzo. Larpu yote inasimama juu ya aliyepigwa kukiri kwamba amepigwa. Ukiwa na shaka, lihesabu.

Umefaulu hatua hii pale utakapozuia uchawi kwa ngao na kuendelea kupigana bila kusita wala kujisikia mdanganyifu.

## Hatua ya 5: Kama limetua, zitumie kinga kwa mpangilio

Pigo limekugusa. Sasa fuata mfuatano huu, na usiuruke hata kama unalijua jibu.

Kwanza, ustadi wa hiari unaozuia kibebaji. Je, unataka kupangua, kukwepa au kurudishia? Amua mara moja na utamke: "Pangua!", "Kwepa!", "Rudisha!" Ustadi hutangulia kago kwa sababu pigo lililopanguliwa huhesabiwa kwamba halikufika mwilini, na kago liko mwilini. Anayetazama chini, akahesabu pointi zake, kisha akatamka "Pangua" amechelewa.

Hakikisha masharti yametimia. Huwezi kupangua kama huna silaha mkononi, au kama umelala, umepooza au umefungwa. Vitabu vingi pia vinataka uwe umelifahamu pigo lenyewe, kwa hiyo upanga uliokuja kwa nyuma bila wewe kujua haupanguliwi.

Pili, kago linalozuia kibebaji. Hukutumia ustadi, au huna. Kama una kago la silaha, linateketea sasa hivi. Tamka jina lake ili mshambuliaji ajue kilichotokea.

Tatu, kago linalozuia athari. Hapa ndipo kago la uchawi linapoingia, kwa kuwa sasa kibebaji kimepita na athari inagonga.

Nne, kuhimili. Kama mhusika wako hashikwi na athari hiyo, sema "Hainishiki". Hili ni la mwisho, na si la kuonewa haya, kwani mshambuliaji anahitaji kujua kwamba alikupata na kwamba hakukudhuru.

Swali ambalo limeulizwa zaidi ya mengine yote ni hili: mwenye kago la silaha na kago la uchawi kwa pamoja, akipigwa na upanga wenye uchawi, lipi linateketea? Kitabu chako kikijibu, fuata kitabu, hata kama jibu lake hulipendi. Kikinyamaza, kanuni ninayoipendekeza ni kibebaji kwanza. Kago la silaha linateketea, uchawi haufiki popote, na kago la uchawi linabaki likisubiri shambulio jingine. Jibu jingine linaloweza kutetewa ni kwamba makago yote mawili yateketee kwa kuwa yote yaliguswa, lakini silipendi, kwa sababu linamfanya aliyejikinga zaidi apoteze zaidi kwa pigo moja, na halimzidishii mshambuliaji chochote alichokilipia.

Kuhusu kurudishia, hesabu ni hii: pigo lote linamgeukia aliyelipiga, kibebaji na athari yake, naye analipokea kana kwamba amepigwa na upanga wake mwenyewe. Makago yake yanafanya kazi kama kawaida. Kinachohitaji jibu la kitabu ni kama naye anaruhusiwa kulirudisha tena. Kikinyamaza, kataeni. Uchawi unaorushwa huku na huku kama mpira huvunja mchezo na kuwachosha watazamaji.

Tahadhari kuhusu sumu. Upanga uliopakwa sumu una kibebaji kile kile, lakini athari yake si uchawi. Kago la silaha litauzuia, kupangua kutauzuia, kago la sumu litauzuia. Kago la uchawi litaangalia tu. Ndiyo maana mstari wa tatu wa kadi, ule wa kundi la athari, haurukwi.

## Hatua ya 6: Hesabu kilichobaki

Mashambulizi ya aina hii hubeba ama namba au jina, mara chache vyote viwili. Mwito uliotaja jina la uchawi bila namba haukuletei majeraha. Usijipunguzie pointi tano eti kwa sababu upanga ule ule ulikuwa ukipiga tano dakika moja iliyopita. Mwito ndio unaoeleza pigo, na pigo lililopita limekwisha.

Mwito ukitaja vyote viwili, na kinga yako ikazuia kibebaji, vyote vimefutika. Kinga yako ikizuia athari tu, namba inabaki, inaanzia kwenye deraya na kuishia kwenye pointi za uhai.

Kumbuka pia kufuta ulichokitumia. Beba mkanda wa shanga kiunoni na uvute shanga moja kila ustadi au kago linapoisha. Njia hiyo ni ya haraka kuliko karatasi na haiharibiki kwa mvua. Mchezaji mwaminifu anayesahau hesabu husumbua kama asiye mwaminifu.

## Hatua ya 7: Fanyeni mazoezi haya sita

Simameni watatu. Mshambuliaji apige polepole, mlinzi ajibu kwa sauti, mwamuzi aangalie jibu hapa chini. Mifano inachukulia kwamba kitabu chenu kimenyamaza pale niliposema kinaweza kunyamaza.

1. "Uchawi wa Usingizi" kwa upanga, unagonga ngao. Jibu: "Limezuiwa." Mlinzi anaendelea. Rudieni papo hapo kwa kifuko kinachogonga ngao ile ile: mlinzi analala. Fanyeni jozi hii mara nyingi kuliko nyingine zote, mpaka mwili wenyewe uutambue utofauti.

2. "Uchawi wa Hofu" kwa upanga, unagusa mkono. Mlinzi ana kago la silaha na kago la uchawi, na hataki kutumia ustadi. Jibu: kago la silaha limeteketea, la uchawi limebaki, hakuna hofu.

3. "Tano za uchawi" zinagusa bega. Mlinzi ana kago la uchawi na deraya ya pointi 10. Jibu: kago halikuguswa, deraya imebaki na pointi 5.

4. "Uchawi wa Kupooza" unagusa mguu, mlinzi anatamka "Rudisha!" Mshambuliaji ana kago la uchawi peke yake. Jibu: kago la mshambuliaji limeteketea, hakuna aliyepooza, na pambano linaendelea.

5. Upanga wenye sumu ya usingizi unagusa mgongo wa mlinzi asiyejua. Ana kupangua na kago la uchawi. Jibu: analala. Kupangua hakukutimiza sharti, na kago halihusiki na sumu.

6. Washambuliaji wawili wanagusa kwa wakati mmoja, mmoja kwa "Uchawi wa Hofu", mwingine kwa "Tano za kawaida". Mlinzi ana kupangua kumoja. Jibu: anachagua pigo moja na kulitaja, "Pangua Hofu!", kisha anajipunguzia tano. Ustadi mmoja hufuta pigo moja, hata mapigo yakija pamoja.

Yakienda vizuri polepole, ongezeni kasi. Kipimo cha kufaulu ni kwamba jibu linatoka kabla mshambuliaji hajauvuta upanga wake kwa pigo la pili, na mwamuzi hajafungua mdomo.

## Hatua ya 8: Mkitofautiana uwanjani

Usisimamishe mchezo kwa ajili ya tafsiri. Mwito wa kusimamisha kila kitu ni wa usalama: mtu ameumia kweli, miwani imeanguka, kuna shimo nyuma ya mtu anayerudi kinyumenyume. Anayeutumia ili kudai haki ya kago lake anawafundisha wenzake kuupuuza, na siku mtu atakapoteguka kifundo cha mguu hawatasimama.

Badala yake, anayetilia shaka alipokee pigo kwa namna inayomgharimu zaidi yeye, aendelee, na amtafute mwamuzi pambano likiisha. Isipokuwa jambo moja: kama kulipokea kunamaanisha kifo cha mhusika, mwite mwamuzi wakati uleule, pembeni, kwa sauti ya chini. Mhusika anayevuja damu ana sekunde 60 tu katika kanuni hizi kabla hajafa, na sekunde hizo zinatosha kuuliza swali moja lenye jibu la ndiyo au hapana: "Pigo lenye uchawi lililogonga ngao yangu, limetua?" Simulizi ndefu kuhusu nani alifanya nini haisikilizwi kwa wakati huo.

Waamuzi nao wakutane kabla ya tukio na kukubaliana majibu ya mambo manne ambayo vitabu hutofautiana au hunyamaza: kama uchawi uliozuiwa umekwisha, lipi kati ya makago mawili linateketea, kama pigo lililorudishwa linarudishika tena, na kama uchawi wa kuvunja kifaa unadai kukitaja kifaa. Majibu hayo yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, yawekwe kwenye meza ya usajili yalipo maji na orodha ya majina, na kila mchezaji ayasome kabla silaha yake haijakaguliwa. Kitabu kikitoka katika toleo jipya, ukurasa huo uchanwe, kadi zote zirudiwe kuandikwa, na waamuzi wakae upya.